Habari za Nyumbani Wakati wa Mitihani ya Desemba: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja

Usuli

Kisa hiki kinahusu familia ya pwani ya kaskazini ya Tanzania na binti yao wa kwanza, aliyekwenda kusoma uhandisi katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Minnesota, Marekani, akiwa na umri wa miaka 19. Niliingia katika kisa mwishoni mwa Novemba ya mwaka wake wa kwanza, pale mama yake aliponipigia simu baada ya kupewa namba yangu na jamaa yao anayeishi huku. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kuwasaidia wazazi wa Afrika Mashariki wenye watoto vyuoni katika jimbo hili. Majina, chuo, mwaka na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa, na wote watatu, binti, baba na mama, wamelisoma andiko hili na kuridhia litolewe.

Baba alifundisha hisabati katika shule za sekondari kwa muda mrefu, na mama ana duka la vitambaa. Binti alimaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, akapata daraja la kwanza. Jambo hili lina uzito katika kisa, kwa sababu baba alikuwa anaujua mtihani kwa sura moja tu: miaka miwili ya kusoma, kisha majuma machache ya Mei ambayo ndiyo yanayoamua kila kitu. Mzazi mwenye uzoefu huo akisikia maneno “mtihani wa mwisho”, moyo wake hwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani wa taifa. Hakuna aliyemweleza kwamba katika somo la kemia la binti yake mtihani wa Desemba ulikuwa na asilimia 30 tu ya alama zote, na kwamba zilizobaki zilikwisha kukusanywa tangu Septemba kwa mazoezi ya kila wiki, maabara na majaribio mawili ya kati.

Simu ya alfajiri

Baba alikuwa na desturi ya kumpigia binti yake kila siku akitoka msikitini, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, saa hiyo ilikuwa saa tatu na nusu ya usiku uliotangulia huko Minnesota, binti ameshakula na amejipumzisha chumbani. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za Marekani hurudishwa nyuma kwa saa moja, na tofauti kati ya pande hizi mbili ikapanda kutoka saa 8 hadi 9. Simu ile ile ikawa inaingia saa mbili na nusu usiku, wakati binti yuko maktaba na kikundi chake cha kujisomea, simu yake imezimwa sauti. Baba hakubadilisha chochote kwa upande wake, kwa hiyo alichokiona ni mtoto aliyekuwa akipokea simu kila siku na ambaye ghafla haipokei. Alihitimisha kwamba anakimbiwa.

Dhana hiyo haikuwa ya kweli, lakini haikukosa mizizi. Jaribio la pili la kemia lilikuwa limerudi katikati ya Novemba likiwa na alama 51, na binti hakulisema nyumbani. Simu zilizopokelewa baada ya hapo zilianza kwa swali moja: “Kemia inakwendaje?” Jibu likawa ni lile lile: “Inakwenda vizuri, baba.” Baba aliandika barua pepe chuoni akiomba apelekewe maendeleo ya mwanawe, akajibiwa kwa adabu kwamba haiwezekani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi FERPA inampa mwanafunzi wa chuo mwenyewe haki ya kumbukumbu zake za masomo, na chuo hakiwezi kumwonesha mzazi kama yeye bila ridhaa ya maandishi ya mwanafunzi, hata kama mzazi huyo ndiye anayelipa ada. Baba alilichukua jibu hilo kama kufungiwa mlango usoni.

Wakati huohuo majira yalikuwa yanabadilika. Saa zetu za Kiswahili zinahesabiwa kutoka macheo, na kwa mtu wa pwani saa moja asubuhi ni jua limeshatoka, mwaka mzima. Kusini mwa Minnesota mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu alasiri. Urefu wa mwanga wa siku nzima ni takriban saa 9 tu. Binti alikuwa na kipindi cha saa mbili asubuhi mara mbili kwa wiki, na kukifikia alitakiwa kutembea dakika 15 jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, katika baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Alianza kukikosa. Akalala hadi mchana, akaamka jua limebakiza saa chache, akakesha akisoma. Mama aliligundua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwa njia rahisi: kila akimwona kwenye simu ya video, chumba kilikuwa na pazia lililofungwa na uso wake ulikuwa unapata mwanga wa kompyuta tu. “Dada,” aliniambia katika simu ile ya kwanza, “mwanangu anaishi usiku.”

Tuliyoyaamua mwisho wa Novemba

Nilikwenda kumtembelea binti Jumamosi iliyofuata, nikiwa na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi. Alishuka kunifungulia mlango wa bweni akiwa amevaa sweta na jaketi jepesi, mikono ameivuta ndani ya mikono ya jaketi. Nilimwuliza koti lake liko wapi, kwa kuwa mama alikwisha kunionesha picha ya binti amevaa koti zito jekundu, alilonunua kwa fedha zilizotumwa Oktoba. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema koti lile ni la mwenzake wa chumbani. Fedha zilikwenda kulipia programu ya mazoezi ya kemia ambayo kila mwanafunzi wa somo hilo alitakiwa kuinunua, na hakutaka kuomba tena.

Nilimwahidi kwamba hilo angelisema mwenyewe, na alilisema siku ya pili. Lakini mle chumbani niliona jambo ambalo sikulipa uzito uliostahili: familia hii yenye mapenzi makubwa ilikuwa imezoea kulindana kwa kufichana. Binti aliwaficha wazazi alama na koti ili wasihangaike. Zamu ya wazazi ilikuwa inakuja.

Maamuzi tuliyoyafikia pamoja, katika mazungumzo mawili marefu ya simu, yalikuwa haya. Simu za kila siku zikakoma, zikawekwa mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili, kwa saa aliyoichagua binti. Mama aliandika saa hizo kwenye karatasi kwa hesabu za pande zote mbili, akaibandika ukutani jikoni. Katika simu hizo hakuna atakayeuliza kuhusu alama. Binti angezisema zote kwa pamoja Jumapili ya kwanza baada ya matokeo kutoka. Baba aliona ugumu kulikubali sharti hili, na nilimwelewa, kwa sababu kwake kuuliza ndiko kulikokuwa kushughulika na mtoto. Kilichomsaidia ni kupewa kazi nyingine. Mabweni ya chuo kile hufungwa wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka, na binti hakuwa na mahali pa kulala kuanzia siku ya pili baada ya mitihani. Wasiwasi huo alikuwa anaubeba peke yake tangu Oktoba. Baba alichukua jukumu la kuzungumza na jamaa yao na familia moja ya Kikenya, na ndani ya siku nne akawa amempatia binti yake chumba cha wiki tatu. Koti na buti zilitoka kwa mama wa familia hiyohiyo.

Kuhusu kemia, baba alipendekeza somo liachwe. Muda wa kujiondoa ulikuwa umekwisha kupita, na hata kama usingepita, hesabu ya viza ilikuwa na utata. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya masomo, F-1, hutakiwa kuwa na krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zisizopungua 12 kwa muhula. Binti alikuwa na 15, kemia peke yake ni 4, na 11 zingebaki. Kushuka chini ya 12 kunaruhusiwa kwa sababu maalumu, zikiwemo ugonjwa unaothibitishwa na daktari au ugeni wa mfumo wa ufundishaji wa Marekani, lakini ruhusa ya ofisa wa chuo anayehusika na wanafunzi wa kigeni lazima itangulie. Wanafunzi wanaoacha somo kwanza na kwenda kuomba ruhusa baadaye hujikuta wamevunja masharti ya viza bila kukusudia. Tulikubaliana aendelee na somo, na aende saa za ofisi za mwalimu wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kudhani kwamba anayekwenda ofisini kwa mwalimu ni mwenye kosa.

Alikwenda pia katika kituo cha afya cha chuo. Mfadhaiko unaofuata majira ya giza ulielezwa kitaalamu mwaka 1984 na daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake, na moja ya tiba zake ni kukaa mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa takriban dakika 30 kila asubuhi. Daktari wa chuo alimpima, akampa ratiba ya usingizi na kumwazima taa ya namna hiyo. Baba aliposikia neno “ushauri nasaha” aliuliza kama mwanawe amerukwa na akili. Mama ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa sentensi moja: mmea ukikosa jua, huwezi kuulaumu mmea.

Bibi

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, bibi mzaa baba alianguka uani akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali akisubiri upasuaji. Binti alilelewa na bibi huyu hadi alipofika darasa la tatu.

Wazazi walinipigia usiku uleule kuniuliza wafanye nini. Mtihani wa kwanza ulikuwa umebakiza siku 9, wa kemia siku 11, na wa mwisho siku 13. Baba alikuwa na rai ya kunyamaza hadi mitihani iishe. Hoja zake hazikuwa dhaifu: binti asingeweza kusafiri, asingeweza kusaidia kwa lolote, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuamka asubuhi. Aliongeza kwamba hata yeye, akiwa chuo cha ualimu, alifichwa msiba wa baba yake mdogo hadi alipomaliza mtihani, na anawashukuru wazee waliomficha. Mama alisitasita. Alisema binti atasikia sauti yake tu na atajua.

Mimi nilimuunga mkono baba. Nilisema siku 13 si nyingi, na kwamba habari inaweza kusubiri. Ushauri huo ulikuwa wangu na niliutoa kwa moyo mweupe, na ndio sehemu ya kisa hiki iliyonifanya nikiandike.

Simu mbili zilizofuata zilikuwa fupi. Binti aliuliza habari za bibi, kama anavyouliza siku zote, na mama akajibu, “Hajambo, anakusalimu.” Mama ameniambia kwamba baada ya simu ya Jumatano alikaa jikoni mbele ya karatasi ile ya saa na hakuweza kula.

Usiku wa kuamkia mtihani wa kemia

Jumanne ya wiki ya mitihani, kiasi cha saa mbili usiku, binti alifungua simu apumzike dakika chache. Binamu yake wa miaka 16, ambaye hakuna mtu mzima aliyekumbuka kumtahadharisha, alikuwa ameweka kwenye stetasi ya WhatsApp picha ya mkono wa bibi wenye sindano ya dripu juu ya shuka la hospitali, na maneno, “Muombeeni dua bibi yetu.” Binti aliutambua mkono kwa pete.

Nyumbani ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa anatia udhu simu ilipolia, si siku ya simu wala saa ya simu, na akajua kabla ya kupokea. Ananieleza kwamba maneno yaliyomjia kwanza yalikuwa “ni homa tu”. Hakuyasema. Alimwambia lini bibi alianguka, nini kimevunjika, madaktari wanasema nini na upasuaji ni lini. Binti hakulia, aliuliza swali moja, “Siku ngapi?” Alipojibiwa siku kumi, alinyamaza kwa muda ambao mama hawezi kuukadiria.

Kisha mama alifanya jambo ambalo hakuna aliyemshauri. Hakukata simu. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, akaswali pale karibu, akawasha jiko, akachemsha chai, na binti akawa anasikia sufuria na jogoo wa jirani. Baba alikwenda hospitali na kuwahi saa ya kutazama wagonjwa, na ilipofika saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, saa nne kasoro ishirini usiku kule, ujumbe wa sauti ukaingia. Bibi alikuwa anaongea taratibu. Aliuliza kama baridi ya huko imepungua, akasema mguu unauma lakini ulimi hauumi, akamwambia mjukuu wake akalale.

Binti alinipigia mimi mwisho. Nilimshauri amwandikie mwalimu wake usiku huohuo kueleza hali, bila kuomba chochote. Mwalimu alijibu asubuhi akimpa hiari ya kufanya mtihani au kuandikiwa kwamba somo halijakamilika na kufanya mtihani Januari. Mtihani ulikuwa saa nne na nusu. Alichagua kuufanya.

Matokeo

Alifaulu masomo yote. Kemia alipata C, hisabati B+, na masomo mengine mawili A- na B. Bibi alifanyiwa upasuaji wiki ileile, na hadi ninapoandika anatembea kwa kutumia fremu.

Wanaosikia kisa hiki hunijibu kwamba basi mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha hivyo. Tangu usiku ule hadi mwisho wa Januari, binti alikuwa akipiga simu nyumbani karibu kila siku, nje ya ratiba, akitaka kusikia sauti ya kila mmoja kwa zamu: baba, mama, wadogo zake wawili, bibi. Alikuwa anapekua stetasi za binamu zake wote kabla ya kulala. Alimwambia mama, “Mliponiambia bibi hajambo, sauti yako ilikuwa ileile unayoniambia kwamba baba hajambo.” Mama alinirudia maneno hayo akilia, kisha akasema wenyewe wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba yeye alikuwa anadhani methali ile inamhusu mgonjwa.

Uchambuzi

Yaliyofaa nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa hayana fumbo. Koti, chumba cha likizo na saa za ofisi za mwalimu vilimpunguzia binti mizigo ambayo haikuwa mtihani, na mzazi aliye mbali anayo nafasi kubwa zaidi katika mizigo hiyo kuliko katika kemia yenyewe. Kupunguza simu kulifanya kazi kwa sababu saa zilichaguliwa na binti. Kuelewa kwamba Desemba ina asilimia 30 na si mia kulimtuliza baba kuliko maneno yoyote ya faraja, na laiti angeelezwa Agosti.

Kushindwa kwetu kunahitaji muda zaidi. Nilipomuunga mkono baba nilikuwa nimelipima swali vibaya. Nilijiuliza habari itamfanya nini binti kabla ya mtihani. Sikujiuliza nini kitatokea kama ataipata kwa njia nyingine, na katika familia ya watu 40 wenye simu uwezekano huo ulikuwa mkubwa tangu siku ya kwanza. Wazee waliomficha baba msiba waliishi katika wakati wa barua. Siri yao ilikuwa mikononi mwao wenyewe. Siri yetu ilikuwa mikononi mwa kijana wa miaka 16 mwenye huzuni ya kweli, ambaye hakufanya kosa lolote.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Tulikuwa tumemwomba binti aache kutuficha, na alikubali, akataja koti, akataja alama 51. Wiki moja baadaye tukamfanyia lilelile. Wazazi wengi hudhani kwamba kuficha habari kunamwondolea mtoto wasiwasi. Katika kisa hiki kulifanya kinyume: wasiwasi wa bibi mmoja mwenye nyonga iliyovunjika, ambao una jina, daktari na tarehe ya upasuaji, uligeuka kuwa wasiwasi wa watu wote wa nyumbani, usio na mwisho unaojulikana. Laiti tungemwambia Jumamosi ile, angekuwa na siku 9 za kulizoea, ujumbe wa sauti wa bibi mapema, na nafasi ya kuzungumza na mwalimu kwa utulivu badala ya usiku wa manane. Naamini angelia. Naamini pia angesoma.

Kilichomwokoa usiku ule ni mama kutosema “ni homa tu”, na ile simu iliyoachwa wazi juu ya meza.

Makubaliano ya muhula wa pili

Februari walikaa kwenye simu wote watatu na kupanga upya, mara hii binti akiongoza. Habari mbaya itasemwa siku ileile, kwa sauti, na mama, si kwa maandishi. Ikiwa imetokea ndani ya saa 12 kabla ya mtihani, itasubiri mtihani huo mmoja tu. Ndugu na binamu wataombwa waziwazi wasiweke kitu mtandaoni kabla binti hajaambiwa. Binti naye atasema alama mbaya ndani ya wiki moja. Yote yameandikwa kwenye karatasi ileile ya jikoni, chini ya saa.

Baba ametia saini yake hapo pamoja na wengine. Hata hivyo amemwambia binti yake, mbele yangu, kwamba kama itakuja kuwa ni msiba, bado hajui kama ataweza kuutamka kabla mtihani haujaisha. Binti alimjibu, “Shikamoo baba, angalau hilo umeniambia.” Wako hapo hadi sasa.